Fundi wa Laini

Dawa ilizaliwa alfajiri, Dar es Salaam,
na tangu kuzaliwa inakufa.
Kila saa mbili kasoro dakika kumi, nusu yake haipo.
Ndiyo maana hatuipandishi boti:
mpaka boti ifunge gati Malindi, tungebaki na kopo.
Huja kwa ndege ndogo, ndani ya chungu cha risasi
kizito kama deni,
nami nakimbia nacho kutoka Kisauni,
dereva anapiga honi kama tumebeba mwenye uchungu.

Leo ni wa saba kati ya kumi na wawili.
Mbarouk Faki, mtu wa Wete,
miaka thelathini na moja fundi wa laini za simu,
Wete mpaka Konde, Wete mpaka Mchangamdogo,
nguzo kwa nguzo,
kabla simu hazijaingia mifukoni.
Sukari anayo tangu zile mvua za El-Nino.
Mwaka jana moyo ulimshambulia, yeye hana habari:
alitoka jasho tu, akailaumu chai.

Daktari Thuwaiba kamsomea fomu, kurasa tisa.
"Tunataka kuiona mishipa ya fahamu ya moyo wako."
Akacheka. "Kwani moyo una fahamu?
Wangu ungekuwa nayo, ningeoa mara tatu?"
Akatia sahihi, kisha akauliza lile
wanaloliuliza wote wakishakalia kitanda:
"Itanitibu?"
"Haitibu. Inaonesha. Na hata huko kuonesha,
ndiyo kwanza tunaijaribu kama inasema kweli."
"Kumbe hamnipimi mimi, mnaipima dawa."
"Vyote viwili," akasema daktari, na hakutazama pembeni.

Nikamchoma.
Dawa hii ni mwongo mwenye adabu:
imevaa sura ya jamaa ambaye neva humjua,
inabisha hodi, neva zinasema karibu,
inaingia, inakaa, inawaka.
Penye neva hai pana mwanga.
Palipokufa, hodi haina wa kuiitika.

Dakika arubaini ndani ya mashine,
asikohoe, asijikune pua.
Picha ikaja polepole,
kama mtu anayelikumbuka jina.
Juu, moyo uling'ara rangi ya bizari.
Chini, kwenye ncha, giza,
kubwa kuliko nilivyotaraji.
Nikafungua picha ya pili, ile ya damu:
damu inafika. Nyama i hai.
Haina tu wa kuipelekea habari.

Sikutakiwa kumwonesha. Nilimwonesha.
Akavaa miwani, akainamia kioo
kama anakagua nguzo baada ya upepo.
"Hapa," akasema, kidole hakigusi,
"laini ya chini imekatika. Nyumba zipo,
watu wamo, na taa zao zinawaka.
Siku moto ukiingia, nani atapiga simu?"

Nimesoma mengi juu ya jambo hilo.
Hakuna sentensi iliyofika pale.

"Mchangamdogo wezi walikata shaba," akaongeza,
"siku nne hatukujua.
Tulidhani tu
watu wa huko hawana la kusema."

Mjukuu wake mja mzito anamngoja nje.
Tumewakataza kukaribiana mpaka saa mbili usiku,
basi amekaa nami kwenye benchi la ukumbini,
anakula mkate wa mofa aliokuja nao kwenye kitambaa.
Kila baada ya muda nampitishia kipimo kifuani:
kinalia tatatata,
baadaye ta-ta,
baadaye ta.
"Inakwenda?"
"Inakwenda."
"Na ilisema kweli?"
"Bado hatujui. Wamebaki watano."
Akatikisa kichwa, mtu aliyezoea milio,
akaacha kutafuna,
akakiinamishia kipimo sikio,
apate kusikia kama upande wa pili kuna mtu.